Muulize Bi Mwalimu: Mtoto kauliza kwanini, umjibu nini?

Haya wapenzi wasomaji, hamjambo. Muhula umefunguliwa na kikapu changu kimejaa, na cha ajabu karibu meseji zote zinazunguka palepale, sheria za darasani na yule mtoto anayesimama kuuliza kwanini. Nimetoa nne. Kwa mgeni wa safu hii, mie nimeshika chaki miaka thelathini na ushee hapahapa mkoa wa Tanga, nilianzia vijijini Muheza kwenye machungwa nikaja kumalizia mjini, sa hivi nimestaafu nafuga kuku Mikanjuni, kwa hiyo nikijibu kwa ukali mnisamehe, ni mazoea.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya, nimepangiwa shule ya msingi hapa mjini, nafundisha darasa la sita, watoto 94 chumba kimoja. Siku ya kwanza nilibandika sheria kumi ukutani. Nilipofika ile ya hakuna kunywa maji kipindi kikiendelea, mtoto mmoja akasimama, tena kwa adabu tu, akauliza "mwalimu, kwanini?" Nikakosa jibu nikamwambia kaa chini. Ofisini wenzangu wakacheka sana, wakasema ukianza kuwaeleza sababu watakupanda kichwani, samaki mkunje angali mbichi. Sasa niwe naeleza au niache? (Ticha Mgeni, Makorora)

Marahaba mwanangu, na hongera ya ajira. Hao wenzako nawajua, sio kwa majina ila nawajua, kila ofisi ya walimu ina meza ya kona wanayokaa watu wa "watakupanda kichwani". Na mie nimekaa meza hiyo miaka mingi tu.

Sasa sikia kichekesho, sheria yako ya maji nilikuwa nayo hiyohiyo. Na sababu nilikuwa natoa, nasema maji yanalowesha madaftari. Siku moja mwezi wa pili, lile joto letu unalijua, saa tatu asubuhi nguo ishaganda mgongoni, mtoto akaniambia "basi mwalimu nitaweka daftari kwenye begi ndo ninywe". Nikabadilisha, nikasema ni utovu wa adabu kunywa kitu mbele ya mwalimu anayefundisha. Yule mtoto akatazama kikombe changu cha chai juu ya meza. Hakusema neno, alitazama tu, na darasa zima likatazama alipotazama yeye.

Nilirudi nyumbani nikajiuliza mwenyewe, hivi hii sheria ya nini? Na jibu nilikuwa nalo siku zote, ni choo. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, sisi tulikuwa na matundu sita kwa watoto zaidi ya mia saba. Mtoto akinywa maji saa tatu, saa tatu na nusu anaomba ruhusa, anakuta foleni, akirudi kipindi kimeisha, na akitoka mmoja wote wanakumbuka kwamba na wao wamebanwa. Yaani sheria ya maji ilikuwa ni sheria ya choo iliyovaa baibui. Tulikuwa tunaona haya kuwaambia watoto kwamba vyoo havitoshi, kana kwamba wao hawavijui, na wao ndo wanaopanga foleni kila siku.

Kesho yake nikawaambia hivyohivyo bila kupamba. Kimya. Afu msichana mmoja wa nyuma akasema basi tunywe sana mapumziko ya saa nne, afu twende choo kabla kengele haijalia, akajitolea kupanga zamu na akazipanga kweli, mie sikuwahi kuwaza hilo. Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo ni kingine. Wiki ileile alikuja mama mmoja, mwanawe ana selimundu, wengi tunaita sikoseli, na mgonjwa wa selimundu anatakiwa anywe maji mengi, akikauka mwili maumivu yanamrudia. Mtoto alikuwa anavumilia kiu tangu Januari kwa sababu "sheria inakataza", na mama naye alikuwa anaogopa kuja kwa sababu aliambiwa ni suala la nidhamu, nani anataka mwanawe aonekane hana nidhamu? Aliposikia kutoka kwa mtoto kwamba kumbe shida ni foleni ya choo tu, akapata nguvu ya kuja kumsemea. Tukamalizana dakika tano, mtoto akawa na chupa yake na ruhusa yake.

Ndo maana nakwambia eleza. Wala sio kwa ajili ya upole, upole mie sikujaaliwa, ila sheria isiyo na sababu haina mpaka, hujui inaanzia wapi inaishia wapi na nani hayumo. Ukishataja sababu na mpaka unauona, wewe na wao.

Hilo la kupandwa kichwani. Kueleza sio kupiga kura. Nahodha kwenye ngalawa akisema kaeni chini chombo kisije kikapinduka, katoa sababu, lakini hajamuuliza mtu kama anakubali, na anayebaki amesimama anakalishwa. Ukisema sababu yako kwa sentensi moja umemaliza, endelea na somo. Akitaka kubishana, mwambie swali lako zuri njoo mapumziko, na mapumziko akija umjibu kweli, maana ukimkimbia mara moja tu hiyo njia imekufa. Wenzako wanachoogopa nadhani ni ile hali ya mwalimu anayeeleza kama anajitetea, dakika kumi, sauti inapanda inashuka, hapo kweli utapandwa kichwani na mgongoni.

Na wakati wa kueleza ni siku unapoiweka sheria, sio siku unapomkamata mtu. Mtoto aliyekamatwa hasikii sababu, anasubiri adhabu, masikio yote yapo kwenye mkono wako.

Afu kuna kitu nilikipenda sana kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984, wa Richard Koestner na Richard Ryan na wenzao. Walichukua watoto wadogo wa miaka sita saba wakawapa rangi wachore, na makundi mawili yakawekewa sheria ya kutochafua. Kundi moja likaambiwa kwa amri, kuweni watoto wazuri msichafue. Kundi lingine likaambiwa kitu kama hiki, tunajua wakati mwingine raha ya rangi ni kuimwagamwaga tu, ila hapa vifaa na chumba viwe visafi kwa sababu kuna watoto wengine watakuja kuvitumia. Sheria ni ileile jamani! Baadaye walipoachwa huru wafanye wanachotaka, wale walioelezwa waliendelea kuchora muda mrefu kuliko wale wa amri, na picha zao zilionekana na ubunifu zaidi. Angalia walichofanya pale, hawakutoa sababu peke yake, walianza kwa kukubali kwamba kinachokatazwa ni kitamu. Sisi walimu hapo ndo tunashindwa, tunajifanya hatujui kwamba kuongea na rafiki yako ni kutamu kuliko kipeo cha pili.

Usipowapa sababu watatengeneza yao, hilo usilisahau. Sheria ya kutotumia peni nyekundu unaijua, ni ili masahihisho ya mwalimu yaonekane, hamna zaidi ya hapo. Mie niliwahi kuliuliza darasa la nne wanadhani kwanini, nikaambiwa wino mwekundu unaita majini, na mwingine akasema ukiandika jina la mtu kwa nyekundu ukaenda nalo Amboni kwenye mapango harudi. Darasa zima linaitikia kwa vichwa, miaka minne wanatii kwa kuogopa jini na sie tunasifu nidhamu.

Kuhusu viboko, maana najua kwenye meza ya kona lazima yupo aliyekwambia fimbo ndo maelezo yenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, visizidi vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Wewe mgeni usije ukaazima fimbo ya mwenzio ukadhani umeazima na idhini yake.

Mwisho, sheria kumi ni nyingi mwanangu. Leo jioni zinakili kwenye karatasi, kila moja iandikie mbele yake "kwa sababu" ujaze. Zitakazokushinda kujaza zibandue. Na ukikuta sababu ni "kelele zinaniuma kichwa", hiyo nayo ni sababu, waambie, watoto wanajua kichwa kinavyouma. Ile ya maji nenda kahesabu matundu kwanza.

Bi Mwalimu habari za leo. Binti yangu yuko darasa la tano, shule wanataka kipara, yeye anataka kusuka. Nilimwambia nywele zinakula akili, akanijibu "mbona jirani yetu wa shule ya kulipia kasuka na anakuwa wa kwanza?" Nilitaka kumzaba kofi lakini kweli nilikosa la kusema. Nimweleze nini? (Mama Zuu, Ngamiani Barabara ya 12)

Nzuri mama. Usimzabe, kakushinda kwa haki.

Tatizo lako sio kukosa sababu, ni kutoa sababu bandia. Mpwa wangu aliyesoma saikolojia ndo kanihadithia hii. Mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake huko Marekani, walichapisha mwaka 1978, walituma watu kwenye mashine ya fotokopi kuomba kupitishwa mbele. Anayeomba kutoa kopi 5 bila kusema sababu, asilimia 60 walimruhusu. Anayesema nina haraka, asilimia 94. Anayesema naomba nipite kwa sababu nataka kutoa kopi, ambayo ni upuuzi kwani wengine wamekuja kukaanga samaki?, asilimia 93! Kumbe neno "kwa sababu" peke yake linatosha. Ila subiri, walipoomba kopi 20 badala ya 5, yule wa sababu ya upuuzi akaangukia asilimia 24, sawasawa na asiyetoa sababu kabisa, mwenye haraka akapata 42. Yaani jambo likiwa dogo mtu anapokea sababu yoyote, likiwa kubwa anaanza kuikagua. Na kwa msichana wa miaka kumi na moja hakuna jambo kubwa kama kichwa chake.

Sababu za kweli ni hizi za kawaida. Watoto wanakaa wamebanana dawati moja, chawa na mapunye yanahama kichwa kwa kichwa. Kusuka kunakula hela na kunakula jioni nzima, na sio kila nyumba inayo hiyo hela, kwa hiyo wakiruhusiwa Jumatatu utajua nani kwao kuna uwezo na nani hana kwa kutazama vichwa tu. Mwambie hivyo. Na mwambie pia kwamba ni kweli kusuka kunapendeza na wewe unajua anaumia. Akiuliza mbona shule ya jirani wanaruhusu, jibu ni kwamba shule ile imeamua vingine na wazazi wanalipia, haina uhusiano na akili.

Akibaki hajaridhika si lazima aridhike, atanyoa hivyohivyo. Na kama wewe mwenyewe huiungi mkono sheria, kuna kikao cha wazazi, nenda kaseme pale, sio umsemee sebuleni mbele yake afu asubuhi umpeleke kinyozi.

Shikamoo Bi Mwalimu, mimi ni baba wa kijana wa kidato cha kwanza. Shule yao ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio. Mwanangu kavalishwa mara tatu, sasa hivi hata nyumbani haongei. Ameniuliza "baba, kwani Kiswahili ni matusi?" (Baba Twaha, Duga)

Marahaba baba. Hili limeniumiza, tena Tanga hapa, mkoa uliotoa washairi, mtoto anauliza kama lugha ya bibi yake ni matusi.

Tuanze na haki ya shule maana ipo. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, afu mtoto akiingia sekondari ghafla fizikia, jiografia, karibu yote Kiingereza, na mtihani wa kidato cha pili na wa cha nne unamkuta kwa Kiingereza. Mdomo usiozoea hauandiki. Kwa hiyo mwalimu anayesema darasani tuongee Kiingereza tuzoee, ana sababu nzito na mwanao aambiwe sababu hiyohiyo kwa Kiswahili safi, tena na wewe, leo. Mwambie Kiswahili sio kosa, ila pepa haitamsubiri.

Sasa ichukue hiyo sababu ukaiwekee mpaka. Inafika wapi? Inafika kwenye kipindi. Inaweza ikafika kwenye midahalo na paredi. Haifiki chini ya mwembe saa nne mtoto anaponunua mihogo kwa mama asiyejua Kiingereza, na kwenye kibao haifiki kabisa, kwa sababu lengo ni mtoto aongee na kibao kinamfundisha kunyamaza. Mwenyewe umesema, haongei hata nyumbani. Aliyenyamaza kwa Kiswahili hajaongea Kiingereza, kanyamaza tu. Afu ile ya "mpaka umkamate mwenzio" ndo siipendi kuliko zote, wanatoka pale wamejifunza kuviziana.

Nenda kwa mkuu wa shule, usiende na hasira wala usiende kusema hutaki Kiingereza, watakuona mshamba na mazungumzo yataishia hapo. Sema unaikubali sababu, afu uliza kibao kinaisaidiaje. Kaa kimya usubiri jibu. Kama wanaye mwalimu wa Kiingereza mwenye moyo, pendekeza mtoto akikwama neno aruhusiwe kuuliza "hili linaitwaje" kwa Kiswahili bila adhabu, maana sa hivi hata kuuliza neno ni kosa, sasa atalijulia wapi?

Shikamoo bibi. Mimi ni kiranja darasa la saba. Mwalimu akitoka naandika majina ya wapiga kelele. Wananichukia, wengine wananipa ubuyu niwafute, wengine wananisubiri njiani. Nikiwaambia ni sheria wanasema sheria gani, mwalimu mwenyewe hayupo. Nifanyeje? (Kiranja, Pongwe)

Marahaba mjukuu wangu. Pole, kazi hiyo mie niliwapa watoto wengi na nikiikumbuka sa hivi naona nilikuwa nawaonea, nilikuwa natuma mtoto akalinde kitu ambacho sikukieleza.

Wanaokusubiri njiani mwambie mwalimu na mzazi wako leo, sio kesho, hilo sio la kuvumilia.

Kuhusu kelele, muombe mwalimu jambo moja. Kama madarasa yenu ni kama mengi niliyofundisha, ukuta wa kati haufiki juu kwenye bati, na upande wa pili kuna darasa linasoma. Amchukue mpiga kelele mmoja, yule mkubwa wao, akamkalishe darasa la jirani dakika kumi wakati nyie huku mnaendelea na vurugu zenu. Amwache asikilize mwalimu wa kule anavyorudia sentensi mara tatu. Afu arudi awaambie wenzie alichosikia, yeye na sio wewe. Mie nilimpeleka mmoja, aliporudi alisema "jamani kule hata 'ndiyo mwalimu' hatujasikia", na yeye ndo akawa ananyamazisha wengine, kwa wiki mbili hivi, afu akasahau nikampeleka tena.

Daftari la majina muulize mwalimu kama mnaweza kuandika saa kelele zilipoanza badala ya nani kaanza. Asipokubali, endelea kuandika kama alivyokwambia, ila waandike wote, na rafiki zako, na jina lako siku unayopiga wewe.

Na ule ubuyu rudisha.